Siku Higgs Mbili Zilipokaa Chini ya Turubai

Nyinyi walimu vijana mnanichekesha kweli. Juzi mmoja wenu kaja kunisalimia hapa nyumbani, kanywa chai yangu na maziwa yangu, halafu akaanza kunililia: "Mwalimu, fizikia siku hizi haifundishiki, projekta imeungua." Nikamwangalia nikamwambia, mwanangu, sisi tulifundisha jua na sayari zake kwa boga moja na malimao, na jioni boga tukalila. Hapo hapo mjukuu wangu anapita sebuleni na kitochi cha leza, anamkimbiza paka ukutani. Leza ya kuchezea paka! Mimi nilifundisha leza Karatu miaka ya themanini, na sikuwahi kuiona hata moja kwa macho yangu. Basi kaeni niwasimulie. Ila mtu akicheka kabla sijafika pa kuchekesha, nanyamaza na chai narudisha kwenye chupa.

Mimi ni mtu wa Singida, hilo mnalijua. Nilipangiwa Karatu nikiwa kijana, na nikafika mwezi wa saba na shati jepesi la mikono mifupi kwa sababu hakuna aliyeniambia kuhusu ile baridi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlima Oldeani unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Shule yetu ilikuwa kando ya barabara inayopanda kwenda Ngorongoro, magari ya watalii yanapita yanatuachia vumbi jekundu, na sisi tunapunga mkono. Wanafunzi walikuwa mchanganyiko: watoto wa wakulima wa Kiiraqw kutoka Endabash na Mbulu, watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa, wengi wao watu wa kwetu Singida na Dodoma, na vijana wa Kimasai waliotoka mbali kule Oloipiri. Kila mmoja Kiswahili chake, na mimi na changu.

Maabara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, masinki mawili yasiyo na maji na kabati lenye kufuli isiyofunga. Lenzi nilizitoa kwenye miwani ya wazee waliofariki, kwa ruhusa ya familia, msinitazame hivyo. Prizimu ilikuwa chupa ya maji niliyoiegemeza dirishani. Mizani tulipimia fizikia asubuhi, na mchana mpishi akaazima kupimia chumvi. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba niliyokuwa nalala. Nasema wazi, nilikipenda.

Ualimu nilifundishwa na mzee mmoja wa chuo, Mwalimu Kajuna, Mhaya mrefu aliyekuwa akivaa tai hata akienda kununua ndizi. Siku moja jaribio langu la pendulamu lilikataa mbele ya darasa zima. Nikasukuma pendulamu kwa kidole ili ikubaliane na kitabu. Mzee akaniita pembeni. "We kijana," akasema, "jaribio likikupa jibu usilolitaka, hilo ndilo jibu. Ukilisukuma kwa kidole, nenda kauze ndizi." Akaondoka na tai yake. Lishikeni neno hilo, mbele mtaona lilivyonitokea puani.

Sasa, mkuu wetu wa shule alikuwa Mwalimu Shauri, mtu wa kilimo tangu utosini mpaka kwenye gambuti. Wakati ule ni elimu ya kujitegemea: shule inalima, inafuga, inajilisha. Mwaka huo mahindi tulipata, tena mengi, lakini tuliyaweka kwenye bweni la zamani lenye paa bovu, mvua ikanyesha, yakaota humo humo ndani. Magunia yalitoa majani! Simlaumu mzee wa watu alipokuja maabara, akapiga sakafu kwa kisigino, akatazama dari.

"Paa hili linavuja?"

"Halivuji, mkuu."

"Na fizikia, ikinyeshewa, inaoza?"

"Haiozi, mkuu."

"Basi fizikia inaweza kukaa chini ya mti, mahindi yakae humu."

Nikadhani utani. Thubutu! Akaniambia mkutano wa wazazi unakuja, wao ndio wenye mahindi na wao ndio watakaoamua: chumba kibaki maabara au kiwe ghala. Kikiwa ghala, hakuna vitendo. Bila vitendo hakuna mtihani wa fizikia. Na kidato cha tatu wangu wote watahamishiwa kilimo. "Na wewe usiwe na wasiwasi," akanishika bega kwa upendo kabisa, "nitakukabidhi mradi wa nguruwe."

Jamani, niliogopa. Sina ugomvi na nguruwe, lakini sikusoma kwa kibatari ili nije kuitwa Bwana Nguruwe.

Mkuu alikuwa mwungwana, akanipa nafasi mkutanoni niwaonyeshe wazazi fizikia ni kitu gani. Mtu mwenye akili zake angewaonyesha pampu ya maji. Au winchi ya kuvutia trekta lililokwama. Mimi? Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwenye semina ya walimu, nikamsikia profesa mmoja mgeni akieleza habari ya chembe inayoitwa Higgs yenye chaji, na jinsi mwanga wa leza unavyoweza kuathiri kuzaliwa kwake. Ikanikaa kichwani kama wimbo. Ila nilitoka kabla hajamaliza, kwa sababu basi la Arusha lilikuwa halimngoji mtu. Nikashika mwanzo, nikakosa mwisho. Mwisho nikaujazia mwenyewe njiani, mahali fulani baada ya Korogwe.

Niwaeleze kidogo, maana najua nyie nanyi hamjui, mnaitikia tu. Chukua chembe mbili ndogo, elektroni na positroni. Ni ndugu waliopishana chaji: mmoja hasi, mmoja chanya. Zikimbize kwa mwendo wa ajabu, zigonganishe uso kwa uso. Zinatoweka, na ile nguvu ya mbio inageuka kuwa chembe nyingine, nzito mno kuliko zenyewe. Wataalamu walikuwa wanasema huenda hapo zikatoka Higgs mbili, moja chanya na moja hasi. Huenda. Hakuna aliyekuwa ameiona. Chembe nzito kama hizo hazidumu, zikizaliwa tu zinavunjika zikawa vitu vingine.

Na leza? Mwanga wa kawaida ni watu wanaotoka mnadani: huyu kalewa, huyu anakimbia, huyu kamshika mbuzi, kila mtu na hatua yake. Leza ni morani wa rika moja wanaruka pamoja, hatua moja, upande mmoja, wote shuka nyekundu. Nilipowaambia hivyo kidato cha tatu, Lemayani wa Oloipiri, kijana mrefu aliyekuwa anainama kuingia kila mlango wa shule, akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi leza tunayo." Nikamwambia kaa chini. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia simama.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jaribio. Elektroni watakuwa vijana wa Endabash wakiongozwa na Safari, mkimbiaji hodari, wanatokea upande wa jikoni. Positroni, wanafunzi wengine, watokee upande wa zizi. Katikati ya uwanja tela la trekta limefunikwa turubai. Wawili wakigongana kifua kwa kifua, wanajificha nyuma ya tela, na chini ya turubai zinatoka Higgs mbili, moja huku, moja kule. Higgs ni lazima wawe wazito. Hasi alikuwa Mzee Tluway, dereva wa trekta, mtu ambaye akipanda upande mmoja wa trekta upande wa pili unainuka. Chanya nilimtaka Mama Fausta, mpishi. Huyo nilimbembeleza.

"Mwalimu, mimi nina maharage jikoni."

"Mama, dunia nzima inakutafuta. Mashine kubwa kubwa za Ulaya zimejengwa kutafuta vitu kama wewe."

"Hiyo chaji inauma?"

"Haiumi."

"Na huyu Tluway nitakaa naye chini ya turubai peke yetu?"

"Mtakaa kisayansi, mama."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Haya. Lakini maharage yakiungua, utakula wewe."

Siku ya mkutano wazazi wakajaa. Mwenyekiti wao, Mzee Bura, alikuwa mkulima wa Endabash, mpole, lakini swali lake likikupata hulitoi mwilini. Nikaeleza kadiri nilivyoweza. Akanyanyua fimbo, akanisalimu Kiiraqw.

"Saita, mwalimu. Hiyo higisi, umeiona?"

"Hapana, mzee."

"Nani ameiona?"

"Bado hakuna."

"Inaliwa?"

"Hailiwi."

"Inakamuliwa?"

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu Shauri aliketi mbele, mikono tumboni, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kupanga magunia yake. Nikapuliza filimbi.

Duru ya kwanza ilikuwa bila leza. Safari akatoka jikoni kama mshale, positroni akatoka zizini, paa! Kifua kwa kifua, wakatambaa nyuma ya tela, turubai likafunguka, Mama Fausta akaruka upande wa kulia, kanga imefungwa kiunoni, na Mzee Tluway akaenda kulia hivyo hivyo. "Kushoto, mzee!" Akageuka, wakapigana kikumbo, wazazi wakapiga makofi. Wakapangwa tena. Wakagongana tena. Kila mgongano Higgs zinatoka, Mama Fausta anajikwaa kwenye kamba anasimama, anapunga mkono. Akizaliwa tu anachungulia jikoni, anakoroga maharage, anarudi chini ya turubai. Nikawaambia wazazi hiyo ndiyo tabia ya chembe nzito, haikai. Mzee Bura akaitikia kwa kichwa. Nilijiona nimeshinda.

"Sasa wazazi wangu," nikasema kwa sauti ya kampeni, "tunaingiza leza! Mwanga ni nguvu. Hawa watoto wakipita ndani ya mwanga wataongezewa nguvu, na Higgs zitatoka nyingi mpaka mseme basi!"

Huo ndio mwisho niliojitungia kwenye basi.

Lemayani na wenzake wakaingia na shuka nyekundu, wakajipanga mistari miwili, njia ya wakimbiaji ikapita katikati yao. Wakaanza kuunguruma kooni, taratibu. Halafu wakaruka. Wote pamoja, wanatua pamoja, ardhi inaitika. Nywele zilinisimama. Nikapuliza filimbi, Safari akachomoka kutoka jikoni, akaingia kati ya mistari, hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu mabega yakaanza kumcheza. Akaruka. Mtoto wa Kiiraqw, hajawahi kuruka maishani mwake, anaruka! Positroni wa kwanza naye akaruka. Nikatuma wengine wawili, wakaruka. Nikatuma wote. Uwanja mzima ukawa unapanda na kushuka, na katikati tela limetulia tuli na turubai lake.

"Gonganeni!" nikapiga kelele. Wapi! Wazazi waliotoka Oloipiri wakainuka, wakaingia mstarini, mmoja na blanketi lake na redio yake. Gari la watalii likasimama barabarani, kamera zikatoka madirishani, dereva akachungulia akamuuliza Mzee Bura, "Shikamoo, mzee. Hii ngoma ya nini?"

"Marahaba. Leza."

"Ya kabila gani?"

Mzee akanionyesha kwa fimbo. "La yule. Wa Singida."

Chini ya turubai ikasikika sauti. "Mwalimu! Nitoke, nisitoke?"

"Usitoke, mama! Hawajagongana!"

"Joto! Na huyu Tluway amelala!"

Nikatazama mbele, nikamwona Mwalimu Shauri mguu wake unagonga chini kwa mapigo yale yale, na mikono bado iko tumboni. Hata mimi, Mungu anisamehe, bega la kulia lilikuwa limeshaanza. Mwishowe Safari na positroni mmoja walifikiana, lakini kwa uchovu gani! Waligusana mabega tu wakaegemeana wanacheka, hakuna mgongano wa maana hapo. Leza ikaisha pumzi, wote wakakaa chini. Higgs: hakuna hata moja.

Mkuu akasimama, akajikung'uta vumbi. "Wazazi, mmejionea. Tuliahidiwa nyingi, tumepata patupu. Mahindi yetu, hata hivyo, yapo, yanaonekana na yanaoza."

Niliwaona nguruwe. Naapa, niliwaona mmoja mmoja, na majina yao. Nikasogea kwenye tela kana kwamba napanga kamba, na Mama Fausta akanong'ona kutoka ndani: "Mwalimu, nisikilize. Nachomoka sasa hivi na kelele kubwa. Nani atajua? Maabara yako inabaki, maharage yangu yanapona." Alikuwa ananihurumia kwa dhati mama yule. Na wazazi walikuwa wanangoja tu kitu kitoke. Angetoka, wangeshangilia mpaka gari la watalii lizime. Ilikuwa kusukuma pendulamu kwa kidole, basi. Nikamwona Mwalimu Kajuna na tai yake, amesimama kwenye soko la ndizi, ananisogezea kiti nikae.

"Kaa humo humo, mama," nikasema.

"We mwanaume una wazimu."

Mzee Bura akanyanyua fimbo. "Mwalimu. Ulisema mwanga utaongeza. Macho yetu yameona umepunguza. Nani mwongo, wewe au macho?"

"Macho yamesema kweli, mzee. Jaribio liko sawa. Niliyekosea ni mimi."

Nikamwita Safari. "Mwanangu, waambie wazazi. Kwa nini hukukimbia?"

"Nilikimbia, mwalimu," akasema, bado anahema. "Ila nilikuwa nakimbia kwenda juu."

Wakacheka, na mimi nikashika kichwa, maana hapo hapo ilinifungukia. Nikaanza kufikiri kwa sauti mbele yao, sijui hata nilitoa wapi ujasiri. Elektroni ikiingia kwenye leza kali haipiti kama mgeni. Inacheza nayo. Inapanda na kushuka kwa mapigo yale yale, na kitu kinachocheza njiani ni kama kimeongezeka uzito, nguvu yake imegawanyika, haibaki yote kwa ajili ya kugongana. Basi Higgs, ambayo inadai nguvu nyingi ili izaliwe, haizaliwi, au inazaliwa kwa nadra. Na ngoma ikikolea ndivyo inavyozidi kuwa adimu.

Yule mzazi wa Oloipiri mwenye blanketi akasema kutoka chini alipokuwa amekaa, "Hilo tunalijua. Ng'ombe akirukaruka njia nzima, mnadani anafika mifupa."

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee wangu," nikasema.

Mzee Bura akasimama. Alisema maneno machache tu, na nayakumbuka kwa maana yake. Alisema mwalimu huyu alikuwa na mama mzima chini ya turubai, na wote tulisikia mama anavyojitolea kutoka, maana Mama Fausta akinong'ona anasikika Mbulu. Kicheko hicho! Akangoja kipungue. Akasema mtu aliyeweza kumzuia asitoke, huku nguruwe wanamngoja, maana habari ya mradi ule ilishawafikia wazazi, huyo wamwachie chumba cha kupimia, na wazazi watajenga ghala la mahindi wenyewe. Mikono ikainuka. Wa Endabash, wa mashambani, wa Oloipiri. Wa mwisho kuinua alikuwa Mwalimu Shauri, akasema anainua kwa sharti kwamba mpaka ghala lijengwe magunia yakae maabara pembeni. Nikakubali kabla hajamaliza. Miezi kadhaa tulifundishana msuguano kwa kuburuta magunia, na fukusi, wale wadudu wa mahindi, walitembea juu ya madaftari, lakini ilikuwa maabara.

Mzee Bura akafunga mkutano kwa baraka za Kiiraqw, anasema yeye, watu wanaitikia kwa pamoja. Aliombea mvua, ng'ombe na watoto. Safari akanitafsiria kwamba mwishoni aliomba elektroni wa mwalimu wasipotee njia. Halafu tukala maharage yaliyoungua. Nilikula sahani mbili, na Mama Fausta alisimama mlangoni kuhakikisha.

Kwa hiyo msiniletee habari ya projekta. Kama huna kifaa, una watu. Wapange, wape kazi, halafu nyamaza uone wanafanya nini, siyo ulichopanga wewe. Na usimpe dereva wa trekta kazi inayohitaji kushoto na kulia.

Mwaka jana mjukuu wangu mkubwa, anayesoma chuo kikuu, alinionyesha kwenye simu yake. Watu wamekaa wakakokotoa kwa hesabu ndefu kuliko barabara ya Loliondo: leza ikiwa kali, uzalishaji wa Higgs zenye chaji unapungua. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka macho yakakauka. Akanieleza pia kwamba ile Higgs isiyo na chaji walishaipata, lakini yenye chaji wanaitafuta mpaka leo na mashine yao inayozunguka chini ya ardhi, na hawajaiona.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Endabash kwa Mama Fausta. Amezeeka sana, yuko barazani anapukuchua maharage, masikio mazito. Nikakaa karibu, nikapiga kelele: "Mama! Wazungu bado wanaitafuta higisi yenye chaji! Hawajaipata!"

Akaacha kupukuchua.

"Waambie wazime ngoma," akasema. "Mimi natoka."